Kuku wa mbegu safi huzaa kama wao? Maswali ya wafugaji wa Arusha na Moshi

Maswali haya tunaulizwa karibu kila wiki na watu wanaokuja kuchukua mayai ya kutotolesha na vifaranga. Wengine ni majirani zetu wa Ngaramtoni, wengine hupanda basi toka Moshi. Sisi wenyewe tunauza kuku wa mbegu safi, kwa hiyo jibu lina maslahi kwetu. Hata hivyo utakuta mahali kadhaa tunakushauri usinunue.

Nikinunua jogoo na matetea wa Rhode Island Red safi, vifaranga wao watakuwa Rhode Island Red?

Ndiyo, watakuwa Rhode Island Red. Ila si wote watakaofikia sifa zilizoandikwa za mbegu hiyo, na ugomvi mwingi kati ya wauzaji na wanunuzi huanzia hapo. Wekundu kwa wekundu watakupa wekundu, wenye miguu ya njano, na matetea watataga mayai ya kahawia. Lakini mmoja rangi yake itakuwa imepauka, mwingine mkia umelalia upande, wa tatu kilemba kina meno saba badala ya matano, na wa nne ana kinyoya kimoja kimejificha mguuni. Wote ni mbegu moja, baba mmoja, mama mmoja. Wanaostahili kuwa wazazi wa kizazi kijacho ni wachache kati yao. Kazi ya mfugaji wa mbegu safi ni hiyo hasa: kuwatambua hao wachache, na waliobaki kuwauza kwa nyama.

Sifa hizo zimeandikwa wapi, na nani alisema ndizo?

Zimeandikwa katika vitabu vya viwango vya mbegu. Cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1865. Marekani, chama cha American Poultry Association kilianzishwa mwaka 1873 na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Matoleo mapya yanaendelea kutoka hadi leo. Rhode Island Red iliingizwa humo mwaka 1904. Kitabu kinataja jogoo mzima awe na ratili 8 na nusu, yaani karibu kilo 3.9, na tetea ratili 6 na nusu, karibu kilo 2.9. Kinataja rangi ya manyoya, ya miguu, ya ndewe za masikio, umbo la mgongo, na makosa yanayomtoa kuku mashindanoni.

Kwa kifupi, kitabu kinaeleza kuku anavyopaswa kuonekana mbele ya mwamuzi. Hakisemi atastahimili vipi ugonjwa wa mdondo, wala baridi ya Julai hapa kwetu.

Kama wazazi ni safi, hizo tofauti zinatoka wapi?

Kwa sifa nyingi, kifaranga hupokea nakala mbili za jeni, yaani kibeba sifa za urithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala zote zikifanana kwa kila kuku wa ukoo, sifa imefungwa na haitakushtua. Rangi ya ngozi ya Rhode Island Red imefungwa hivyo. Sifa ambayo nakala zake hazifanani ndiyo yenye vituko, kwa sababu nakala moja inaweza kuifunika nyingine kwa vizazi vingi hadi siku wenye nakala iliyofichwa wakutane.

Kilemba ndicho mfano wa zamani kuliko yote. Mwaka 1902 mwanasayansi Mwingereza William Bateson alitumia vilemba vya kuku kuonyesha kwamba kanuni za urithi ambazo mtafiti Gregor Mendel aliziona kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Chukua Wyandotte. Kiwango chake kinataka kilemba bapa chenye vinundu, kilicholala juu ya kichwa. Hata katika banda safi kabisa huanguliwa kifaranga mwenye kilemba kimoja kilichosimama, kama cha Leghorn. Watu husema muuzaji kachanganya damu. Kumbe kilemba bapa ndicho kinachofunika, na kile kilichosimama kinajificha chini yake. Na kwa nini wafugaji hawajakimaliza kwa miaka yote hii? Kwa sababu jogoo mwenye nakala mbili za kilemba bapa huwa na manii dhaifu. Mwenzake mwenye nakala moja ya kila aina anamshinda kurutubisha mayai, na kila mwaka anairudisha bandani ile sifa isiyotakiwa.

Kuna na kisa cha Plymouth Rock wa mistari. Jeni ya mistari imekaa kwenye kromosomu ya jinsia (uzi wa jeni unaohusika na kuwa dume au jike), ambayo jogoo anazo mbili na tetea moja. Kwa hiyo jogoo hupata dozi mbili na kuwa mweupe zaidi kuliko dada yake. Waamuzi wa zamani walitaka wote wawili walingane rangi. Wafugaji wa maonyesho wakalazimika kufuga koo mbili za mbegu hiyohiyo, moja ya kutoa majogoo wa kushinda na nyingine ya kutoa matetea wa kushinda. Ukinunua jogoo bingwa na tetea bingwa na kuwaweka banda moja, hupati watoto mabingwa. Hapo kosa ni la kiwango chenyewe, kwa maoni yangu, maana kilidai kitu ambacho kuku hana namna ya kukitoa.

Nina kuku wa rangi ya bluu. Mbona vifaranga wengine wametoka weusi na wengine weupe wenye matone?

Hukudanganywa. Bluu ya kuku, ile ya kijivu chenye ubluu unayoiona kwa Andalusian na kwa baadhi ya Orpington, hutokea pale kuku anapokuwa na nakala moja tu ya jeni inayopunguza weusi. Akiwa na mbili anakuwa mweupe wenye matone. Asipokuwa nayo ni mweusi. Ukipandisha bluu kwa bluu, katika kila vifaranga wanne tarajia kwa wastani mweusi mmoja, bluu wawili na mweupe wa matone mmoja. Huo ni wastani wa vifaranga wengi. Katika wanane wa kwanza unaweza kupata bluu sita au mmoja.

Njia ya kupata bluu watupu ipo, na inachekesha: mpandishe mweusi na mweupe wa matone. Wazazi hakuna hata mmoja mwenye rangi ya bluu, watoto wote wanayo. Kwa hiyo anayekuuzia kuku wa bluu kwa ahadi kwamba "hawa wanazaa bluu tupu", aidha hajui anachofuga au anajua mno.

Kifaranga wangu wa Black Australorp ana tumbo na ncha za mabawa nyeupe. Amechanganyika?

Hapana. Ndivyo wanavyoanguliwa. Manyoya ya kwanza yatakuja na weupe kidogo, kisha atakuwa mweusi wenye mng'ao wa kijani. Kama bado ana manyoya meupe akiwa amekomaa, hapo uliza tena.

Wale "Malawi" wanaouzwa kwenye masoko ya Mbuyuni na Kilombero ni Black Australorp?

Asili yao ni hiyo. Malawi ilisambaza Black Australorp kwa wakulima kwa miaka mingi, na jina la nchi likawashika kuku. Lakini wengi wanaoitwa Malawi sokoni leo wamepita kwenye mabanda mengi na majogoo mengi.

Mgeuze kuku uangalie nyayo. Australorp ana miguu myeusi au ya kijivu kizito, lakini chini ya nyayo ni weupe wenye uwaridi, na ngozi yake ni nyeupe. Nyayo za njano ni dalili nzito, kwa sababu njano ni sifa inayofunikwa na nyeupe: ikionekana, imekuja kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kisha mtazame shingoni juani. Wekundu au udhahabu kwenye manyoya ya shingo, hasa kwa jogoo, unaonyesha damu nyingine. Kilemba kiwe kimoja kilichosimama, miguu isiwe na manyoya, na kidole cha tano kisiwepo.

Kuku mwenye dalili za kuchanganyika anaweza kuwa mtagaji mzuri sana, na kama unataka mayai tu mchukue. Ila usilipe bei ya mbegu safi.

Sasso na Kroila wangu wamefanya vizuri. Naweza kutotolesha mayai yao mwenyewe?

Kutotolesha unaweza, hakuna anayekuzuia. Watoto hawatakuwa Sasso wala Kroila.

Sasso walitokea Ufaransa, Kroila walitokea India, na wote ni chotara waliopangwa. Nyuma ya kifaranga unayemnunua kuna koo za mababu zinazofugwa mbalimbali, kila moja ikichaguliwa kwa jambo lake, moja ukuaji, nyingine utagaji. Zinakutanishwa mwisho ili zitoe kuku huyo mmoja unayemwona. Koo hizo haziuzwi. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, jeni zinachanganywa upya: kundi moja litakuwa na jogoo wa kilo nyingi na nduguye aliyedumaa, mwenye kuatamia na asiyejua kuatamia, rangi za kila namna. Mtu wa mahindi analijua hili. Punje za mahindi chotara ukizirudishia shambani msimu unaofuata, shamba linaota kwa ngazi. Na ile nguvu ya uchotara inapungua: kwa chotara wa mbegu mbili, hesabu ya kawaida ni kwamba karibu nusu yake hupotea katika kizazi kinachofuata.

Kwa kula nyumbani sioni tatizo. Kwa biashara ya nyama tatizo ni kubwa, kwa kuwa huwezi kupanga siku ya kuuza wala gunia za chakula kwa kundi lisilolingana. Na kuwauza vifaranga hao kwa jina la Sasso ni wizi, hata kama mama yao alikuwa Sasso kweli.

Jogoo wa jirani ameingia kwa matetea wangu. Wameharibika moja kwa moja?

Swali hili tunalipata zaidi kutoka Kibosho, Machame na Marangu, ambako vihamba (mashamba ya nyumbani) vimepakana na jogoo hana habari na mpaka. Jibu ni hapana. Jogoo haachi alama ya kudumu ndani ya tetea. Kuna wazee wanaoamini kwamba tetea akishapandwa na jogoo wa aina nyingine hata watoto wa miaka ijayo watakuwa na damu yake. Shikamoo zao, lakini hilo halipo.

Kilichopo ni hiki: tetea ana vijifuko vidogo sana ndani ya mrija wa yai vinavyohifadhi manii, na yanabaki na uwezo wa kurutubisha kwa wiki mbili, mara nyingine tatu au kupita kidogo. Kwa hiyo mtoe jogoo mgeni, hesabu wiki tatu kamili, nne kama unataka kulala usingizi, na mayai yote ya muda huo yapeleke jikoni au dukani kwa mangi. Usidhani kwamba ukimweka jogoo wako siku hiyohiyo atafuta kazi ya yule mwingine. Manii ya wote wawili yatakuwa ndani kwa wakati mmoja, na trei moja itatoa vifaranga wa baba wawili.

Ukuta wa matofali si lazima. Wavu uliofunikwa juu unatosha. Jogoo wa kienyeji anaruka vizuri kuliko unavyofikiri.

Kishingo, kidimu, Kuchi: hawa nao ni mbegu safi?

Hapa watu huchanganya mbegu na sifa moja. Kishingo ni kuku yeyote mwenye jeni ya shingo isiyo na manyoya. Anaweza kuwa wa rangi yoyote na ukubwa wowote. Ukimwona ana kifundo cha manyoya mbele ya shingo, ana nakala moja tu. Wawili wa namna hiyo wakipandana, robo ya vifaranga kwa wastani watakuwa na shingo zenye manyoya kama kawaida. Wasio na kifundo kabisa kwa kawaida wana nakala mbili, na hao wakipandana huzaa vishingo watupu.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda nje, kamwe usimpandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto hupata nakala mbili, na manyoya yao hukatika-katika hadi kuku anabaki nusu uchi. Kwa Arusha mwezi Juni huyo ni wa kufa. Mpandishe kidimu na kuku wa manyoya ya kawaida, nusu watatoka vidimu wazuri.

Iko na sifa kali kuliko hiyo. Scots Dumpy, mbegu ya Uskoti, inatakiwa iwe na miguu mifupi mno, na jeni ya ufupi huo ikikutana nakala mbili, kifaranga hufa ndani ya yai. Kati ya wanaoanguliwa, theluthi moja huwa na miguu mirefu. Daima. Mbegu hiyo ina kiwango rasmi na haiwezi kuzaa kiwango chake hata ifugwe miaka mia.

Kuchi ni habari nyingine. Huyo ana umbo lake linalojirudia: mrefu, kifua kigumu, kichwa cha kipiganaji. Ni mbegu ya kienyeji kwa maana kamili ya neno, na ninatamani watu wa Kanda ya Kaskazini wangemchagua kwa makini kama wanavyomchagua ng'ombe.

Nimesikia ukichanganya mbegu mbili unaweza kujua majike na madume siku ya kwanza.

Kweli. Jogoo wa Rhode Island Red kwa tetea wa Light Sussex: madume huanguliwa na manyoya ya njano hafifu, majike ya kahawia. Geuza wazazi, Sussex awe jogoo, na mbinu haifanyi kazi. Lakini ili ifanye kazi, wazazi wenyewe lazima wawe safi. Hii ndiyo sababu ya kibiashara iliyo bora kuliko zote ya mtu kuhangaika na mbegu safi hapa kwetu. Watoto wao usiwafanye wazazi. Mbinu huishia kwao.

Mbegu safi hutaga zaidi?

Si lazima. Mwaka 1922 hadi 1923 huko Australia, matetea sita wa Australorp walitaga wastani wa mayai 309 na nusu kila mmoja kwa siku 365, na jina la mbegu likavuma dunia nzima. Lakini waliochaguliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya uzuri wa manyoya tu hutaga kidogo kuliko hivyo, na ni Australorp safi vilevile. Uliza ukoo ulichaguliwa kwa jambo gani. Kama unataka trei za kuuza kila asubuhi, chotara wa mayai atakulipa vizuri kuliko kuku wetu, nenda kamchukue.

Jogoo mmoja na binti zake, naweza kuendelea nao?

Kizazi kimoja, ndiyo. Wafugaji hufanya hivyo makusudi ili kuifunga sifa nzuri. Fahamu tu kwamba kupandisha baba na binti, au kaka na dada, hufunga pamoja na yale mabaya yaliyojificha. Ukiendelea miaka, dalili za kwanza hutaziona kwenye rangi. Utaziona kwenye mashine ya kutotolesha: mayai yasiyorutubishwa yanaongezeka, vifaranga wanafia ndani ya yai, walioanguliwa wanakua polepole.

Njia tunayoipenda ni ya makundi matatu. Wape alama za pete za rangi tatu miguuni. Binti hubaki katika kundi la mama yake siku zote. Majogoo vijana wa kundi la kwanza huenda la pili, wa la pili huenda la tatu, wa la tatu hurudi la kwanza. Kila mwaka hivyohivyo. Majogoo wawili kila kundi, kila mmoja na matetea wanane hadi kumi, vinakupeleka mbali bila kununua damu mpya. Damu mpya nayo ina hatari yake, kwa kuwa huleta siri usizozijua.

Muuzaji ana picha nzuri sana. Inatosha?

Haitoshi. Omba kuwaona ndugu zake. Kuku mmoja mzuri anaweza kutoka kwa wazazi wowote. Kundi la ndugu ishirini waliolingana haliwezi. Akikuambia wengine wameuzwa wote, aga kwa heshima.

Nichague lini wa kubaki?

Mara tatu. Siku ya kuanguliwa toa mwenye kidole cha ziada, mwenye kilemba cha aina tofauti, mwenye manyoya miguuni ikiwa mbegu haina. Wiki ya nane toa waliodumaa na wenye mgongo au mdomo uliopinda. Rangi usiihukumu hadi miezi mitano au sita, manyoya ya utu uzima yanapokuwa yametimia. Watu wengi humchinja aliye bora kwa sababu alikuwa na sura mbaya akiwa na miezi mitatu. Weka daftari. Afisa mifugo wa kata na walimu wa chuo cha mifugo Tengeru watakuelewa haraka ukija na daftari kuliko ukija na malalamiko.

Mayai yakitoka Moshi kwa basi hadi kwangu Arusha, mbegu inaathirika?

Mbegu haiathiriki, kutotoa ndiko kunakoathirika. Yabebwe kwenye trei, ncha nyembamba chini, yasiwekwe karibu na injini. Yakifika yaache yatulie siku nzima kabla ya kuingia kwenye mashine, na yasizidi siku saba tangu kutagwa.